Profesa Danguolė Gudonienė, Aliyeikana Hesabu Yake Mwenyewe

Marehemu Profesa Danguolė Gudonienė alizaliwa tarehe 11 Februari 1949 katika kijiji kilicho nje kidogo ya Pandėlys, wilaya ya Rokiškis, akiwa mtoto wa kwanza wa Juozas Šukys na mkewe Emilija. Alikuwa bado mchanga wa kubebwa wakati askari walipogonga mlango, mwezi Machi mwaka huohuo, na familia nzima ikapakiwa kwenye behewa la ng'ombe kupelekwa Siberia. Huko ndiko alikojifunza kutembea, kusema na kuiheshimu baridi. Mdogo wake, Eugenijus, anayewasomea wasifu huu, alizaliwa hukohuko. Waliporudi mwaka 1957 walikuta nyumba yao ina watu wengine, wakapanga chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha maziwa. Danguolė hakupenda kuyazungumza hayo. Aliulizwa mara moja na mwandishi wa gazeti alikumbuka nini cha Siberia, akajibu, "Mbao za mama zilizoziba dirisha. Zilikuwa fupi."

Alimaliza sekondari Rokiškis mwaka 1966, akaenda Kaunas kusomea uhandisi wa ujenzi, kisha Vilnius kusomea hisabati. Mama yake alipoona shule hazina mwisho alimwuliza, "Mwanangu, kichwa kimoja kinahitaji shule ngapi?" Naye akamjibu, "Wahandisi wananiambia jengo linasimama, mama. Nataka kujua kwa nini halianguki." Alipata udaktari wake tarehe 14 Juni 1979, kwa tasnifu iliyoyaunganisha mambo mawili ambayo siku hizo yalifundishwa na watu wasiosalimiana: uchanganuzi wa kihisabati na upangaji wa kazi za ujenzi.

Tarehe 25 Agosti 1973 alikuwa amefunga ndoa na Rimvydas Gudonis, mhandisi mwenzake, na kwa desturi yetu ya majina mke wa Gudonis akaitwa Gudonienė. Kwetu bwana harusi humbeba bibi harusi kuvuka daraja, na Rimvydas, aliyekuwa mwembamba kama ufito, alichagua daraja la mbao juu ya mto Nemunėlis. Alipofika katikati miguu ilianza kumtetemeka. Danguolė, shela limemfunika uso, akamwuliza, "Umehesabu uzito kweli?"

"Wa daraja au wako?"

"Vyote viwili, bwana. Tukianguka tunaanguka pamoja."

Wageni walicheka hadi wakasahau kuimba. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Živilė.

Marehemu alianza kufundisha chuo kikuu Kaunas mwaka 1975 na hakuondoka hadi alipostaafu. Kazi iliyompa jina ni ile aliyoichapisha mwaka 1986 pamoja na mumewe. Fundi anapomwaga zege la sakafu ya juu, huishikilia kwa mirunda, yaani nguzo za muda, chini yake mpaka zege likomae. Akiivua mapema, sakafu inashuka. Akichelewa, kazi inalala. Wakati wa baridi hakuna aliyekuwa na hakika angoje siku ngapi, maana baridi hulichelewesha zege. Danguolė alitunga kanuni, akaithibitisha kwa hisabati, na Rimvydas akaigeuza kuwa jedwali ambalo msimamizi yeyote angeweza kulisoma akiwa amevaa glovu. Majengo yalipanda upesi. Wanafunzi walilikariri kama sala.

Marehemu aliagiza, akiwa na akili zake timamu, kwamba habari zake zikisomwa, jambo linalofuata lisirukwe. Familia inatii.

Tarehe 9 Machi 2004 sakafu ya ghala lililokuwa likijengwa pembezoni mwa Kaunas iliporomoka siku moja baada ya mirunda kuvuliwa. Ilimwua fundi chuma, Ričardas Žilys, baba wa mabinti wawili. Msimamizi wa kazi alikuwa Vaidotas Brazys, kijana aliyewahi kukaa kiti cha mbele darasani kwa Danguolė. Vaidotas aliiambia mahakama, "Nilifuata jedwali la Profesa. Sikupunguza hata siku moja." Mahakama ikamwita Profesa mwenyewe, mtaalamu wa kanuni hiyo. Alisimama, akasema kanuni ina uthibitisho, imetumika miaka kumi na minane, na kama sakafu imeanguka basi mtu amekosea kuhesabu. Hakusema kwa ubaya. Alisema alichokiamini. Vaidotas alifungwa miaka minne, na alipokuwa akitolewa alimgeukia mwalimu wake, akamtazama tu.

Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Machi, Danguolė alikwenda Pandėlys kwa Eugenijus kukinga utomvu wa beržas, ile miti yenye gome jeupe ambayo maji yake matamu tunayanywa kila majira ya kuchipua. Asubuhi ndoo zilikuwa na barafu, na adhuhuri mti ulikuwa unatiririka.

"Mwaka huu umetoa sana," Eugenijus alimwambia. "Usiku unaganda, mchana unayeyuka. Hivyo ndivyo mti unavyopenda. Mwaka jana pia Machi ilikuwa hivihivi."

Danguolė aliiweka ndoo chini. Akakaa juu ya gogo lenye theluji, na Eugenijus, aliyedhani dada kashikwa na moyo, akamkimbilia.

"Dada, unaumwa?"

"Genka," alimwita kwa jina lake la utotoni, "nimemfunga mtu."

Alichokiona pale ni hiki, na alikieleza hivi kwa yeyote aliyemwuliza baadaye, bila kujipunguzia. Katika uthibitisho wake alikuwa ameonyesha kwamba kanuni ni kweli kwa siku yoyote ya baridi ukiichukua peke yake. Kisha, kwa mstari mmoja, akachukulia kwamba itakuwa kweli kwa siku zote zikifuatana. Kwa baridi inayotulia, ni kweli. Kwa majira yanayoganda na kuyeyuka kila siku, makosa madogo ya kila siku hujumlishana, na zege linaloonekana limekomaa huwa bado bichi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akikosea hivyo, Danguolė humnyima alama. Vaidotas alikuwa amehesabu sawasawa.

Aliporudi Kaunas alimweleza mumewe mezani, kabla hata ya kuvua koti. Rimvydas wakati huo alikuwa mkuu wa idara.

"Yaliyopita si ndwele, mke wangu," alimwambia. "Kesi imekwisha."

"Haijapita. Iko gerezani inakula uji wa serikali."

"Unajua majengo mangapi yamesimama kwa jedwali lile? Unataka watu waanze kuogopa dari zao?"

"Yaliyosimama yameshakomaa, hayana neno. Nawaogopea watakaomwaga zege Machi ijayo."

"Na jina langu? Mimi nimefanya nini?"

Danguolė alivua koti. "Wewe hujafanya kitu, Rimvydas. Jedwali lako lilikuwa safi. Mimi ndiye niliyekupa uongo ukaupanga vizuri."

Rimvydas hakutia sahihi barua ya kuyakana maandishi yao. Danguolė aliyakana maandishi yake peke yake, akaenda kwa mwendesha mashtaka, akarudi mahakamani palepale aliposimama kwanza. Wenzake wengi waliacha kumsalimu kwenye ngazi. Mmoja alimwambia waziwazi, "Umetuvua nguo sote, Profesa." Vaidotas aliachiwa tarehe 21 Novemba 2005. Alikuta nyumba tupu. Mkewe alikuwa amechukua mtoto na kuhamia Ireland.

Danguolė alimfuata kumwomba msamaha. Vaidotas alimkaribisha hadi jikoni, akamtilia chai, akamwacha aseme yote. Kisha akasema, "Siku ile sakafu ilipolia, nilijua kuna kosa. Lakini nikasema moyoni, Profesa hawezi kukosea, basi ni mimi. Gerezani nilikuwa narudia hesabu kila siku natafuta nilipokosea. Umenifanya nijione mwuaji, Profesa. Chai yako inapoa." Baadaye alihamia Norway. Kila mwaka marehemu alimpigia simu siku ya kuzaliwa ya Vaidotas, na kila mwaka simu haikupokewa.

Miaka iliyobaki aliitumia kuitafuta kanuni iliyo sahihi. Aliipata na kuichapisha mwaka 2013. Inawataka wajenzi wangoje zaidi kila Machi, na wajenzi hawaipendi. Ndiyo inayofundishwa sasa.

Ugonjwa wa kongosho uligunduliwa Mei 2021. Yeye na Rimvydas walikuwa wameishi nyumba moja miaka mingi wakisemezana mambo ya bili na dawa tu. Sasa Rimvydas alimpikia supu ya bitiruti, akamlisha kwa kijiko, akamfuta kidevu. Jioni moja ya Oktoba alimwambia, "Ulikuwa na haki, Danguolė. Ilinipasa kutia sahihi."

"Kuwa na haki hakukumtoa Ričardas chini ya zege," alijibu. Kisha akaongeza, "Lakini nimekusikia. Nilishe."

Alifariki nyumbani Kaunas, Jumanne tarehe 16 Novemba 2021, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Marehemu ameacha mume, Rimvydas. Binti, Živilė, na mumewe Tautvydas. Wajukuu wawili, Rusnė na Adomas. Mdogo wake Eugenijus na familia yake ya Pandėlys. Na wanafunzi waliotawanyika kila mahali penye ujenzi. Vaidotas Brazys alipewa habari za msiba. Hatujui kama alizisoma. Alikuwa na haki ya kutokusamehe, na dada yetu alilisema hilo mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo tusimseme vibaya leo, wala tusijifanye kwamba amemsamehe.

Tunamlaza karibu na baba na mama, katika udongo alionyang'anywa akiwa bado hajaota jino. Sasa hakuna wa kumwondoa. Dada, lala salama.