Jedwali la Mama Joto

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Marehemu hukumbukwa kwa sauti ya upole, ndivyo tulivyozoea hapa. Leo upole umenishinda. Mtanisamehe.

Tunamkumbuka mpimaji wa mishipa ya fahamu, aliyezikwa mwezi uliopita. Hospitali nzima ilimwita Mama Joto. Kabla ya kumpima mtoto, aliufumbata mguu wake viganjani mpaka upate joto. Mguu ukiwa baridi, habari ndani ya mshipa hutembea polepole, na mashine haijui baridi. Inaandika tu.

Kwa miaka sita alipima watoto wachanga wasioumwa. Wasioumwa, nasema. Watoto mia mbili na kumi na wawili. Akina mama walimshangaa: "Mwanangu hana neno, unampima nini?" Naye alijibu, "Nisipomjua asiyeumwa, mgonjwa nitamjuaje?"

Akaandika jedwali la umri, wiki kwa wiki. Mishipa ya mtoto mchanga huenda karibu nusu ya kasi ya mtu mkubwa. Nusu, wasikilizaji. Si ugonjwa, ni uchanga, na kasi hukua naye.

Akalipeleka kwa mkuu wa kitengo libandikwe ukutani. Mkuu hata hakulisoma. "Mama, kazi yako ni kubonyeza," alimwambia. "Ya kufikiri tuachie sisi." Kubonyeza! Mama wa watu akarudi kupima miguu midogo ya watoto mpaka alipostaafu.

Sasa sikilizeni. Wiki tatu baada ya mazishi, bintiye, fundi cherehani, alimpeleka mwanawe wa wiki sita chumba kilekile. Mtoto alizaliwa kwa shida, madaktari wakataka kumwangalia mguu. Mpimaji mpya akamlaza chini ya feni, miguu wazi. Mashine ikamlinganisha na wakubwa. Mkuu yuleyule akatoa hukumu: mishipa ina ugonjwa, huenda mtoto asitembee.

"Soksi ya mtoto ilinidondoka," binti ametuambia. "Nilipoinama kuiokota, nikauona mwandiko wa mama."

Ulikuwa wapi? Chini ya mguu wa kabati. Jedwali la Mama Joto limekunjwa mara nne, limetiwa pale kabati lisiyumbe.

Binti akalichomoa. Akaushika mguu wa mwanawe, wa baridi kama bomba, akaufumbata dakika kumi, mkuu akitazama saa. "Mpimeni tena," akasema. Wakampima. Mita ishirini na tisa kwa sekunde. Mstari wa wiki sita wa jedwali unasema ishirini na nne hadi thelathini na tano. Mtoto hana ugonjwa wowote.

"Haya, nendeni," mkuu akasema. Hata pole hakutoa.

Binti, jamaa wote, poleni sana. Tuliobaki tujiulize: kwa miaka yote hiyo, wazazi wangapi walirudi nyumbani wakilia bure?

Na wewe mkuu, najua unanisikia. Kabati lako linayumba. Tafuta kitu kingine cha kutia chini yake.