Mama Ngosa na Matete ya Bwawa

Siku ya mposho, njo Jumamosi, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa kumi, mwaka 1974. Wasikilizaji wapendwa, ile siku njo bintu yote iliharibika. Tarehe kumi na mbili. Siku ya Salongo, ile kazi ya bure ya kila mposho.

Kila siku nasoma hapa ku radio barua ya vilio; leo sisomi ya muntu mwingine. Marehemu ni muke wangu, Mama Ngosa. Nasema mbio. Sijui kama bakubwa ya radio bataniachia nimalize.

Kijiji chetu iko ku njia ya Mokambo, mbali na Lubumbashi. Juu iko kambi ya bafanyakazi ya shamba. Maji yao ya vyoo na ya kufulia inashuka mu mabwawa mbili yenye kujaa matete. Matete inasafisha ile maji, kisha inaingia mu muto. Na siye, chini, tunakunywa ya muto. Mushike ile: tunakunywa.

Fundi moya wa Lubumbashi alimufundisha Ngosa ile kazi, akaenda bila kurudia. Ngosa akabakia. Kila asubuhi alijaza chupa, akaweka kidole nyuma yake, ku jua. Akiona ukucha, anafungua mulango ya bwawa. Asipouona, maji ingoje. Bantu balimucheka ku njia:

"Bibi harusi wa mavi! Habari ya bwana yako?"

"Muzuri. Bila miye, asubuhi ungemunywa."

Basi, ile tarehe kumi na mbili, chef wa kijiji alisema mukubwa moya wa Parti, chama ya serikali, atapita kesho. "Mugeni hawezi kuona pori mu kijiji. Mukate yote."

Ngosa aliingia mu bwawa, maji ku magoti.

"Muzee chef, hii hapana pori. Hii njo inatusafishia maji."

"Citoyenne, weye mwananchi, unakatala Salongo? Unakatala Parti?"

"Parti hainywi maji, muzee?"

Bantu balicheka. Chef hakucheka. Panga zikaingia. Moya ilikuwa yangu. Niliogopa, wasikilizaji. Nilikata. Kisha balifungua mulango, bwawa ikauke, ionekane safi.

Kesho yake mugeni alipita mu motokari, vioo vimefungwa. Hata hakusimama.

Siku ya tano, batoto balianza kuhara. Ngosa alipita nyumba kwa nyumba: "Muchemshe! Muchemshe!" Mimi aliniambia: "Leta kuni, utalia kisha." Tulizika batoto saba. Tarehe makumi mbili na ine, Ngosa alibafuata.

Chef anasema amri ilitoka juu. Huko juu nilienda ku maofisi tatu. Banasema ilitoka kwa chef. Banaitana citoyen, banakunywa kahawa yao, mimi nasimama ku mulango.

Pole kwa mama mukwe wangu. Pole kwa mulamu wangu Kunda, mudogo wa Ngosa. Pole kwa bazazi ya bale batoto saba. Na weye unayesikiliza, fikiri: siku watakupa panga, uulize kwanza unakata nini.

Ku kilio, Kunda alisimama mbele ya chef.

"Muzee," alisema, "kila nyumba iligonjwa. Kwenu, hata mutoto moya hapana. Ile wiki, mulikunywa maji ya wapi?"

Chef alivaa kofia yake, akaenda. Sasa ni mwaka muzima. Wasikilizaji wapendwa, ile wiki, kwa chef balikunywa maji ya wapi?