Mama Sekela, Samurai na Hendeli ya Mashine

Ndiyo, ni yeye. Mama Sekela aliyepigiana magoti na samurai kule Iringa ndiye huyu huyu anayestaafu Jumamosi, tarehe 28 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na tisa kwenye mashine yetu ya kukoboa mpunga hapa Rujewa. Watu wananisimamisha njiani kuniuliza, sa nimeona bora niandike, maana kila mtu anahadithia ya kwake.

Bosi wetu Othmani aliposema ratiba ya sherehe iwe na wasifu wa Mama, kila mtu akamsukumia mwenzake. Mimi Amos, mbeba magunia, ndo nina mdomo, nikapewa kalamu. Darasa la nne halijawahi kunizuia kitu.

Mama alikuja kutoka Tukuyu mwaka 1996, akaanza kwa kupepeta. Fundi wa zamani alipohama ghafla, injini ya dizeli ikakosa mtu wa kuiwasha. Mama akafunga kanga kiunoni, akashika hendeli, lile chuma la kuzungushia mpaka injini ikohoe, akazungusha. Ikawaka. Toka siku hiyo hendeli inakaa chini ya kiti chake. Hata bosi akitaka kuiona anapiga hodi.

Ila kazi yake kubwa ni meno. Ukileta mpunga, anachukua punje moja anaing'ata. Ikilia ka, mimina. Ikikaa kimya, rudisha juani, hata ungekuwa nani. Kuna msimu alirudisha magunia kumi na mbili ya bosi mwenyewe. Bosi akanuna siku mbili, ya tatu akayaanika. Ndo maana mchele wetu hauna chenga, na wanunuzi wa soko la Mwanjelwa kule Mbeya wanaujua kwa kuushika tu.

Sasa shida ni hiyo hendeli. Bosi kasema atakayepewa na Mama ndiye fundi mpya. Tuko wawili: mimi, na Ipyana, kijana ana cheti cha ufundi, haongei hata ukimkanyaga. Mama bado hajataja mtu.

Nikasema ngoja nimlainishe. Bosi alitoa gari tumpeleke Mama matembezi ya kumuaga, mimi nikachagua mahali. Miaka yote Mama anataka kuona mambo ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe, kule Kalenga. Nikakuta tangazo la Iringa mjini, "Makumbusho ya Mashujaa", nikaishia kusoma hapo, kama nilivyoishia shule. Tunafika, mlangoni kasimama mtu wa chuma ana mapembe kichwani.

"Amos," Mama akauliza, "huyu Mhehe wa wapi?"

Nikasoma upya. Mashujaa wa Japani.

Dada wa kuongoza wageni, Ruwaida, akatuambia tuvue viatu. Soksi yangu ikatoa kidole kusalimia watu. Akasema humu kila kitu ukikigusa kinakujibu. Jamani, tulichanganyikiwa! Bosi akavaa kofia ya vita, ikagoma kutoka. Ipyana akabonyeza kitu, farasi akalia ndani ya ukuta, tukamkuta Ipyana nje. Ruwaida akaeleza kwamba zamani samurai alikuwa analipwa mchele. Hapo Mama akachangamka.

"Nani alikuwa anaukoboa?"

Ruwaida akaangalia karatasi yake mbele, akaigeuza nyuma. Jibu halimo.

"Mapanga yote haya," Mama akasema, "mkoboaji hamjamuweka hata picha?"

Chumba cha mwisho kina skrini kubwa kama ukuta. Samurai mzima mzima akatokea, akapiga magoti, akaweka mikono chini, akainamisha kichwa. Sasa Mama ni Mnyakyusa. Mtu mzima kakupigia goti, wewe ubaki umesimama kama mlingoti? Akashuka na magoti yote mawili. "Ugonile," akamsalimia kwa Kinyakyusa. Kumbe ule mtambo, mtu akiinama, nao unainama. Mama akainama, ukainama. Akashuka zaidi, ukashuka zaidi. Nyuma yetu kwaya nzima ya Kilutheri kutoka Kilolo inasubiri zamu yake.

"Mama, simama basi, ndo aendelee," Ruwaida akambembeleza.

"Ninyanyuke mgeni bado yuko chini? Wewe mwanangu umelelewa na nani?"

"Mama Sekela, mwenzako anatumia umeme, hachoki!" bosi akapiga kelele ndani ya kofia.

Ruwaida akasema labda mtu mwingine apokee upanga wa mti pale pembeni, samurai atanyanyuka. Nikaona zamu yangu hii. Nikaudaka kwa mkono mmoja huku nacheka. Taa nyekundu. Nikauhamishia mkono wa kushoto, nyekundu tena. Ipyana akaja kimya kimya, akapiga goti, akaupokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea chakula kwa mama mkwe. Taa ya kijani! Samurai akasimama, Mama akasimama, kwaya ikapiga vigelegele.

Ndani ya gari Mama akaniuliza kitu kimoja tu. "Amos, mikono yako miwili inafanyaga kazi gani?" Nikalitafuna swali hilo Mafinga, Makambako, mpaka Rujewa. Alikuwa ananifukuza au ananifundisha? Mpaka naandika hapa sijui. Ila toka siku hiyo hata chai napokea kwa mikono miwili, na punje naing'ata kila asubuhi, mpaka jino moja limeanza kulalamika.

Mama, ahsante. Umelisha watu ambao hata hawakujui jina. Nenda Tukuyu, migomba ikuzalie, magoti yasikuume, na mchele utakaokula ukobolewe na mtu anayeng'ata kwanza.

Na wewe unayesoma, tupatane. Jumamosi njoo ushuhudie. Hendeli akipewa Ipyana, nakubebea magunia yako msimu mzima, bila nongwa na bila utani. Nikipewa mimi, utaniletea mpunga wako, nitaung'ata mbele yako, na nikisema rudisha juani, unarudisha bila kununa. Umekubali? Basi nipe mkono. Yote miwili.