Kura ya Adabu

Mjini Tarbell hakuna lori linalopita nyumba kwa nyumba kuzoa taka. Kila mtu hubeba uchafu wake mwenyewe kwa pikapu yake hadi dampo, Jumamosi asubuhi, na asiyeonekana dampo Jumamosi mbili mfululizo hupelekewa supu nyumbani, maana lazima anaumwa. Pembeni ya kontena la chupa kuna benchi la kanisa lililotupwa siku waumini walipoletewa viti vya sponji, na hapo ndipo kijiwe kinapokaa, theluji ianguke isianguke. Kahawa ni ya mlinzi wa dampo, Lucien Gagnon, anayeichemsha kibandani kwake juu ya jiko la kuni mpaka inakataa kumiminika. Wanamwita Gavana, kwa sababu hapa hakuna anayetupa hata kopo kabla yeye hajasema litupwe wapi.

Jumamosi hii ya Desemba benchi lilijaa mapema kuliko kawaida, na sababu yenyewe ilikuwa imekaa katikati, imeinamia kikombe. Alden Thurlow, fundi seremala, mgombea wa kiti cha Bunge la jimbo la New Hampshire. Kijiweni anaitwa Daraja. Jina alilipata serikali ilipolifunga daraja la mbao la mtoni; tangu siku hiyo hakuwa na mazungumzo mengine, hata kwenye mazishi. Yeye anaishi ng'ambo ya mto, na watu wa ng'ambo sasa wanauzunguka mlima mzima kufuata maziwa. Basi akasema atakwenda mwenyewe Concord, makao makuu ya jimbo, akalisemee daraja lake likarabatiwe. Akapambana na Winifred Colby, mfuga mbuzi, anayetaka hayo mambao yang'olewe lijengwe daraja la zege. Watu wakapiga kura Novemba, zikahesabiwa: sare. Zikapelekwa Concord, zikahesabiwa upya kwa mikono, karatasi baada ya karatasi: sare vilevile. Sasa uchaguzi utarudiwa Februari, na kijiwe kilikuwa na kazi moja tu, kumsaka aliyemnyima mwenzao ile kura moja.

Daraja alikuwa anamjua. Alikuwa anamnyoa ndevu kila asubuhi.

Ilikuwa hivi. Siku ile aliingia kwenye kibanda cha kupigia kura, akavuta pazia, akaiangalia karatasi, akaliona jina lake limechapwa pale kwa herufi nzito. Haya zikamshika. Kwao, kwenye karamu ya maharage kanisani, mtu hajipakulii kabla mwenzake hajapakua, na mama yake aliwahi kumwosha mdomo kwa sabuni kwa kosa la kujisifu mbele ya wageni. Kalamu ikahama kama ina akili zake, ikatua kwa Winifred. Akatoka mle ndani mwepesi, ameridhika na malezi yake. Wepesi ule ulidumu mpaka matokeo yaliposomwa.

— Mimi nawaambieni ni donati, alianza Merle Peaslee. Huyu ndiye Redio. Ana habari za kila kitu na hana kitufe cha kuzimia.

— Donati gani tena? Gavana aliuliza.

— Zile za kina mama pale mlangoni pa ukumbi. Watu wanakula, vidole vinanata sukari, wanashika karatasi. Mbili zinagandana, mashine inameza mbili inahesabu moja. Ya juu ya Winifred, ya chini ya Daraja. Kwisha kazi.

— Acha zako, Redio! Huyo alikuwa Bernice Tuttle, aliyeendesha basi la shule mpaka alipostaafu, ndiyo maana wanamwita Breki. Mpaka leo akisema neno linafika kiti cha nyuma kabisa. — Si zimehesabiwa tena kwa mikono?

— Kwa mikono, sawa. Na wenye mikono walikunywa chai na nini?

Hoja ilikuwa nzito.

— Si donati, alisema Gavana, akimwongezea Daraja kahawa ambayo hakuiomba. — Ni kulungu.

— Kulungu wamepiga kura?

— Sikiliza kwanza. Kura zimeangukia msimu wa kuwinda, au nasema uongo? Na wawindaji wote wa ng'ambo ni watu wa Daraja, au nasema uongo? Haya. Wiki nzima kabla ya hapo hukuona hata mkia. Siku ya kura, kulungu wamejaa msituni kama wameitwa mkutano. Mwindaji gani ataacha kulungu aende kupanga foleni?

— Na nani kawaita?

— Mimi sitaji mtu. Nauliza tu, nani ana miti ya matufaha, tunda la kulungu, nyuma ya zizi la mbuzi?

— Winifred! Redio aliruka.

— Umesema wewe. Mimi nina kazi ya serikali hapa, sitaki kesi.

— Jamani, Daraja alisema kwa upole, — wawindaji mimi niliwaona ukumbini, na makofia yao ya rangi ya chungwa.

— We nyamaza, Breki alimkatiza. — Umeibiwa wewe, hujui hata umeibiwa nini. Na nyie wawili hamjui hesabu. Nimebeba watoto wa mji huu miaka na miaka, najua nani kaoa wapi. Hakuna nyumba Tarbell ambayo mume na mke wana chama kimoja. Mume anakwenda anapiga huku, mke anakwenda anapiga kule, wanarudi nyumbani wamefutana. Mji mzima unafutana, halafu unalala kitanda kimoja!

Walicheka mpaka Redio akamwaga kahawa kwenye buti.

— Kwa hiyo, Breki aliendelea, — kura zinazobaki ni za wajane na wasiooa. Mimi mjane. Nilimpigia Daraja.

— Mimi sijaoa, Gavana akasema. — Nilimpigia Daraja.

Wote wakamgeukia Redio, ambaye alikuwa anafuta buti kwa bidii isiyo ya kawaida.

— Mimi nilimpigia Daraja, bila shaka. Ila mke wangu...

— Mkeo kafanyaje?

— Mke wangu anapenda sana jibini la mbuzi.

— Huyo hapo! Breki alipiga benchi kofi. — Tumempata!

— Sasa si nilimfuta? Redio alilalamika. — Mimi na yeye tumefutana kihalali, kwenye ndoa! Mtafuteni mwingine!

Daraja akakizungusha kikombe mikononi. Kila mtu aliyeapa kwamba alimpigia alikuwa anamwongezea mzigo. Angenyamaza tu, alijiambia. Februari si mbali, hili nalo litapita, watu watahamia kwenye habari nyingine.

— Nyie hamwoni mbali, Redio akarudi kwa nguvu, maana alikuwa na heshima ya kuokoa. — Bunge letu lina wabunge mia nne. Mia nne! Katika jimbo ambalo ukipiga chafya uko ndani, makamasi yanaangukia Vermont kwa jirani. Na posho yao ya mwaka mzima haikufikishi popote kwa petroli ya leo. Sasa niambieni, wanagombania nini kule?

— Nini?

— Nafasi. Watu mia nne, majira ya baridi, makoti mia nne mazito yanavuja theluji. Wayaweke wapi? Wanahitaji kiti kimoja kitupu. Basi kila uchaguzi wanateua mji mmoja mdogo, wanautia sare, kiti kinabaki.

— Na safari hii zamu yetu, Gavana alisema taratibu, uso umekunjamana.

— Kiti cha Daraja kimekaliwa na koti.

— Koti la nani?

— Hilo ndilo linalochunguzwa.

Hapo ndipo Marisol Quintero alipowafikia, anaburuta godoro. Marisol ni mwalimu wa piano aliyehamia kutoka Boston, amewafundisha watoto wa nusu ya mji na amezika mbwa wawili hapo hapo Tarbell, na bado anaitwa mgeni, na ataitwa mgeni mpaka naye azikwe. Alilisimamisha godoro ubavuni mwa benchi, akavuta pumzi.

— Gavana, hili linakwenda wapi?

— Linangoja. Tuko kwenye jambo zito. Tunamtafuta aliyemnyima Daraja kura.

— Aa. Nyie wote mlimpigia?

— Wote!

— Na yeye?

— Yeye kafanyaje?

— Yeye mwenyewe alimpigia nani?

Tarbell mtu anaweza kukuonyesha kovu la upasuaji bila kuombwa, anaweza kukutangazia kura yake akipenda, lakini kumuuliza mtu kura yake usoni, tena mbele za watu, ni jambo lisilofanyika. Breki alikohoa.

— Mgeni, huku hatuulizani hivyo.

— Basi samahani. Nilidhani mnachunguza.

Lakini jozi zote tatu za macho ya kijiwe zilikuwa zimeshatua kwa Daraja. Uongo ulimfika mpaka mdomoni. Ulikuwa mfupi, neno moja tu. Akawatazama: Redio amekaa mkao wa kusikia alichokwisha kukijua, Breki anatikisa kichwa kumhimiza aseme amalize. Wamemtetea asubuhi nzima mpaka wamewasingizia kulungu. Akashindwa.

— Winifred, alisema.

— Winifred nini?

— Nilimpigia Winifred.

— Hebu rudia, alisema Gavana.

— Jina langu lilikuwa limekaa pale, kubwa. Niliona haya kujipa mwenyewe. Niliona si adabu.

— Si adabu! Redio alishika kichwa. — Ungejipigia ungemshinda kwa mbili! Mimi nimekosana na donati bure!

Breki hakupiga kelele, na hapo ndipo Daraja alipoogopa.

— Binti yangu alijifungua kiti cha nyuma cha gari kwenye ule mzunguko wa mlima, alisema. — Mimi nikiendesha. Unakumbuka? Ulikuja hospitali na maua, ukanishika mkono ukaniambia, Bernice, nitakwenda Concord nikalisemee. Nikakuamini. Asubuhi ya kura nimezunguka mlima kwenye barafu nije nikupigie wewe. Kumbe wewe uko humo ndani unaona haya.

Ilimuuma Daraja, tena ilimuuma pale pale alipokuwa amejisifu moyoni.

Redio, ambaye hawezi kustahimili ukimya, akapata wazo.

— Ngoja ngoja. Winifred naye si mzaliwa wa hapa? Na mama yake, Mungu amrehemu, si alikuwa mkali kuliko wa Daraja?

— Alikuwa mkali, Gavana alikubali.

— Basi huenda Winifred naye aliona haya! Akampigia Daraja! Wamefutana, kama mimi na mke wangu! Hakuna aliyekosea, sare ni ya halali!

Kidogo kidogo uhai ukarudi kwenye benchi. Daraja mwenyewe aliinua kichwa. Ilikuwa inawezekana kabisa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua, na hakuna hata mmoja wao ambaye angethubutu kwenda kumuuliza. Na hapo hapo, getini, pikapu ya Winifred Colby ikaingia, nyuma imejaa chupa.

Winifred akashuka na kreti kifuani, akapita mbele ya benchi akiwaitikia kwa kichwa. Daraja akajidai anakagua godoro. Redio akatazama mawingu.

— Winifred, aliita Marisol. — Samahani, wewe ulimpigia nani?

— Mimi? Winifred hata mwendo hakupunguza. — Nilijipigia mwenyewe. Kwani kuna aliyefanya vingine?

Gavana akaitazama ardhi. Winifred akasimama sasa, akawaangalia mmoja mmoja, na alipofika kwa Daraja akamkazia macho muda mrefu kidogo.

— Nimebisha hodi kila mlango wa mji huu, alisema. — Nimewaamsha watu, nimekanyaga matope yao, nimeng'atwa na bata wa kina Peaslee, naomba kura. Sasa nitawaombaje watu kitu ambacho mwenyewe sikitoi?

— Za kijani kushoto, Gavana alisema, kwa kukosa lingine.

Akaenda zake. Chupa zikaanza kupasuka ndani ya kontena, moja baada ya nyingine, kwa mikono isiyo na haraka.

— Mnaona sasa kwa nini nilimpa kura yangu? Daraja alisema. — Mama yule ana akili.

Redio alicheka, Gavana alicheka, Marisol akacheka kwa kujificha nyuma ya godoro. Breki hakucheka. Alikuwa bado amemwelekea Daraja, anangoja, kama alivyokuwa akiwangoja watoto wakae vitini ndipo atie gia.

Daraja akaweka kikombe chini.

— Bernice, alisema, na ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mtu wa kijiwe kumwita mwenzake wa benchi kwa jina lake la kweli. — Nakitaka kile kiti. Nakitaka mpaka usiku silali. Sijapata kumwambia mtu hivyo. Nilipita milangoni naongea habari za mbao na misumari, nikaona aibu kusema nipeni. Februari nitajipigia mimi. Tena nitaibonyeza ile kalamu mpaka itoboe meza.

Breki akamtazama kidogo zaidi, kisha akamrudishia kikombe chake.

— Utajipigia, alisema. — Na mimi nitasimama nje ya pazia, nikusikie unavyoandika.