Matundu Manne ya Diploma

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, muuza mikate mmoja alikuwa amepakata uma wa baiskeli, ule unaoshika gurudumu la mbele, kama kichanga. Mama aliyekaa pembeni yake, vidole vyeusi kwa grisi, akamuuliza anaupeleka wapi. "Kutobolewa, dada. Nafunga keria ya mbele, maana nyuma kreti zimeshajaa."

"Mdogo wangu, mimi ni fundi baiskeli. Bomba jembamba hilo ukilitoboa, umelionyesha pa kukatikia. Funga vibano vya chuma, na ndani uweke raba visilikwaruze."

"Vibano si vinalegea?"

"Vikilegea vitapiga kelele, utakaza. Uma ukikatika mteremkoni, unatangulia wewe, mikate inafuata."

Nilicheka hadi kondakta akanigeukia. Kisha kicheko kikanikauka. Mimi nina diploma ya ufundi, ipo ukutani kwenye fremu, na Jumamosi nilitoboa uma wa baiskeli yangu mwenyewe matundu manne ya keria, nikayapaka rangi yaonekane ya kiwandani. Asubuhi hii mke wangu ameondoka na baiskeli hiyo, mbele kabeba cherehani.

"Lakini matundu yanapendeza, dada," muuza mikate aling'ang'ania.

"Hata jeneza hupigwa msasa," fundi akamjibu.

Basi likasimama, nikawaacha wanabishana. Nilishuka simu ikiwa sikioni, nikamwambia mke wangu ateremke, aikokote baiskeli hadi nyumbani.

"Kwani imeharibika?"

"Hapana, mama. Nimeitengeneza mimi."