Mzee Kadibodi, Mjenzi wa Kiwanda cha Juu ya Meza

Mpendwa wetu tunayemsindikiza leo, Mzee Kadibodi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa fundi viatu na mshona nguo. Nyumbani kwao hapakukosekana kisu kikali, gundi wala mkasi, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Dada yake mkubwa, ambaye yuko nasi hapa, anakumbuka kwamba boksi la viatu halikuwahi kumaliza wiki likiwa boksi. Likishaingia mikononi mwa mdogo wake lilitoka likiwa ghala, au stesheni, au banda la mbuzi wasiokuwepo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956. Katika masomo mengi alikuwa wa wastani, na katika kazi za mikono alikuwa hatari. Akiwa darasa la saba, shule ilifanya maonyesho, naye akaijenga shule nzima kwa kadibodi: madarasa, ofisi, kengele, mpaka choo cha walimu chenye mlango unaofunguka. Mgeni rasmi alipendezwa sana, akausukuma mlango ule kwa ncha ya kidole. Ndani alikuwamo mwalimu mkuu, ameketi, anasoma gazeti. Marehemu alirudishwa nyumbani akamlete mzazi. Baba yake alifika, akaomba radhi kwa heshima zote, kisha kabla ya kuaga akauliza kama angeweza kuiona ile bawaba. Baada ya hapo marehemu alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu ufundi mitambo mwaka 1969.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilikuwa na reli yake: treni iliingia na marobota ya pamba, ikatoka na majora ya vitambaa. Marehemu alitengeneza mashine kwa uaminifu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye majengo. Wenzake walipopumzika, yeye alizunguka shingo ikiwa juu, akitazama mapaa, mabomba na ngazi za chuma. Mara mbili alitumbukia mtaroni akitazama bomba la moshi. Alitumikia hapo mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1994. Mwaka uliofuata walikuja wabomoaji. Alikwenda kusimama nje ya uzio akatazama mpaka ukuta wa mwisho, akarudi nyumbani mweupe kwa vumbi kama mwoka mikate, akamwambia mkewe, “Bomba la moshi limeanguka. Naomba meza ya chakula kwa siku chache.”

Mkewe ameomba iandikwe hapa kwamba siku hizo chache hazijaisha mpaka leo.

Ndoa yao ilikuwa imefungwa tarehe 14 Desemba 1974. Walikutana katika kantini ya kiwanda hichohicho, ambako bibi harusi alikuwa mpishi. Walijaliwa binti mmoja na wavulana wawili, na wote watatu walimalizia kukua wakila sahani ikiwa magotini, kwa sababu mezani palikuwa na kiwanda. Kila kitu kilipunguzwa mara themanini na saba, naye hakutaka cha dukani. Matofali aliyachora moja moja juu ya kadibodi kwa kalamu iliyokauka wino. Mabati aliyapata kwa kusugua karatasi za kung'aa za pakiti za majani ya chai juu ya kitana cha mkewe, na mkewe akawa anachana nywele zinazonuka gundi. Ngazi zilikuwa njiti za kiberiti, matangi yalikuwa mikebe ya dawa, na masizi ya bomba la moshi yalikuwa masizi ya kweli, ya mshumaa. Treni ndogo ya umeme aliachiwa na mhandisi mmoja aliyekuwa akihama. Hiyo hakuijali sana. Alisema treni ni kisingizio cha kuwa na ghala.

Mwaka 2001 kijana mmoja, mwalimu wa hesabu, alikuja kujitambulisha kwa ajili ya binti. Akaambiwa jisikie nyumbani, naye kwa bahati mbaya akajisikia. Aliegemea meza, na kiwiko chake kikaishukia idara ya kutia rangi ikawa chapati. Marehemu hakupandisha sauti. Alisema tu, “Kijana, hapo walikuwa wanafanya kazi watu sitini.”

“Poleni sana,” kijana akajibu.

Jibu hilo ndilo lililomwokoa. Marehemu alimweleza mkewe jikoni kwamba mtu anayewapa pole watu wa kadibodi hawezi kumtesa mtu wa kweli. Hata hivyo sheria ni msumeno: mwalimu alirudi kila Jumamosi na wembe wake mwenyewe, akaijenga upya idara yote, na posa ilikubaliwa siku paa lilipokaa sawa. Mpaka leo mkwe huyu akipita mbele ya jengo lolote hutembea mikono ikiwa mgongoni.

Kiwanda kilipokamilika mwaka 2009, wazee waliofanya kazi pamoja na marehemu walialikwa kuja kukitazama. Kila mmoja alijitafuta. Mlinzi aliliona lango lake, mpakia marobota akaiona kona aliyokuwa akijificha kuvuta sigara, na fundi umeme akatokwa machozi mbele ya nguzo isiyozidi urefu wa kidole. Mkewe naye aliinama, akazunguka meza taratibu akiwa bado ameshika birika. Alipofika alikoanzia akauliza kantini iko wapi. Marehemu akasema hajaijenga.

“Choo cha walinzi umekijenga,” alisema mkewe. “Nilipokuwa mimi ndipo hukupaona?”

Wageni wakakumbuka ghafla kwamba wana safari. Kwa muda mrefu chakula cha nyumba ile kilipikwa bila chumvi. Wanawe walimsihi baba yao aijenge hiyo kantini yaishe. Alijaribu mara kadhaa, kila mara akaivunja mwenyewe. Mkewe aliona vipande vile kwenye ndoo ya taka, akadhani hata kwa kadibodi hampendi. Chumvi ilirudi, lakini kila alipopanguza vumbi kiwandani aliruka ile pembe tupu ambapo kantini ingekaa.

Mwaka 2021 marehemu alianza kusumbuliwa na kifua, matunda ya vumbi la pamba. Alipigwa picha ya eksirei, akatibiwa, akapewa picha arudi nayo. Aliporudi hospitali daktari aliitaka ili ailinganishe na mpya. Marehemu alikohoa, akatazama dari, akakiri kwamba ile ya kwanza ipo ila kwa sasa imewekwa madirishani. Ilikuwa imekatwa vipande vidogo na kuwa vioo vya karakana ya pale mezani, maana vya zamani vilikuwa vimepauka. Taa zikiwashwa ndani, mbavu zake zinaonekana vizuri tu. Daktari alikuja nyumbani siku ya mapumziko yake, akapiga magoti mbele ya meza, akaisoma karakana dirisha kwa dirisha. Alisema matokeo si mazuri, lakini ufundi ni wa hali ya juu.

Mwaka 2023 mikono ilianza kutetemeka, wembe ukamshinda. Alihamishiwa kitanda sebuleni, karibu na kazi yake. Alasiri moja binti yake alimuuliza kwa nini kantini ilimshinda mtu aliyekumbuka mpaka misumari ya lango.

“Nilikula pale kila siku,” marehemu akasema. “Lakini sijui paa lilikuwa la bati au la vigae. Sikuwa natazama jengo.”

Binti akamwambia hayo amwambie mama, si yeye. Marehemu akasema mama yenu ataniona mtoto. Binti huyu, kama mnavyomjua, siri haikai naye, na kabla chai haijapoa mama alikuwa ameshaambiwa jikoni. Mama alikausha mikono, akavaa miwani, akaenda kuketi mezani, akauliza wembe uko wapi.

Akaijenga kantini kwa mikono yake, marehemu akisimamia kutoka kitandani. Nyumba haikuwa na utulivu. Marehemu alipolalamika kwamba ukuta umepinda, alijibiwa kwamba hata ule wa kweli ulipinda, yeye si hakuutazama? Kumbe paa lilikuwa la bati, na madirisha yalikuwa matatu, moja halikufungika tangu mwanzo. Siku kazi ilipoisha, mkewe aliileta kwenye sinia. Marehemu aliikagua kwa muda mrefu, pumzi ikimpa taabu.

“Mlango umezidi,” akasema. “Kwa kipimo chetu hapo angepita ng'ombe.”

“Nilikuwa napita na sufuria,” akajibu mkewe.

Marehemu akautazama tena ule mlango, kisha akamtazama mkewe.

“Basi acha,” akasema.

Watoto wake wote watatu wanashuhudia kwamba hawakuwahi kumsikia akilitamka neno hilo juu ya jengo lolote. Mkewe aliibandika kantini penye ile pembe tupu, akasogeza kiti karibu na kitanda, akamshika mkono mpaka gundi ikakauka.

Marehemu alifariki dunia nyumbani asubuhi ya Jumatano, tarehe 18 Oktoba 2023, mkewe akiwa kando yake. Familia inawashukuru wauguzi, majirani, na daktari aliyekubali kusoma picha akiwa amepiga magoti.

Ameacha mjane, binti mmoja, wana wawili, mkwe wa kiume na wakwe wawili wa kike, wajukuu saba, dada yake mkubwa, na wenzake wa kiwandani waliosalia, ambao wamezoea kuja kutazama mahali walipokuwa wakifanya kazi. Wataendelea kukaribishwa.

Mola amjalie pumziko jema na amani isiyokatika, na huko aendako wasimharakishe.