Mzee Olal Akabidhi Geti

Mzee Patrick Olal anastaafu tarehe 31 mwezi huu, baada ya kuitumikia bekari yetu ya Kamwokya kwa miaka ishirini na tisa. Wengi wetu tulimkuta hapa. Hatujui asubuhi isiyo na yeye getini, ameshika bisibisi na kututazama kama watuhumiwa.

Alizaliwa katika kambi ya polisi ya Nsambya, mtoto wa koplo, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, kifupi na kisichobembeleza mtu. Aliajiriwa kama fundi wa baiskeli nyeusi zilizopeleka mikate Kawempe na Nakivubo. Baiskeli za umeme zilipoletwa, sisi wa idara ya mauzo tulidhani zamu yake imekwisha. Aliifungua moja, akashinda nayo karakanani, kisha akatangaza kuwa baiskeli ni baiskeli, ila hii ina haraka.

Tangu hapo hakuna iliyotoka bila kupita mikononi mwake. Hubonyeza matairi kwa kidole gumba, huvuta betri kuona kama imejifunga sawasawa, kisha huinua gurudumu la nyuma, huliwasha na kumwambia mwendeshaji akamate breki. Mota isipozimika papo hapo, safari imekwisha. Mwisho mwendeshaji hubana breki zote mbili, naye mzee husukuma kutoka nyuma kwa bega. Baiskeli ikisogea, utasikia: "Hii hapana toka. Rudisha."

Kuna siku tulimchukia. Mkesha wa Idi, maduka yakipiga simu kudai mikate, alimzuia Mubaraka, mwendeshaji wetu mwenye mbio kuliko wote. Mubaraka alikuwa amefunga kreti kwa vipande vya mpira wa tyubu, kama tunavyofunga kila kitu mjini hapa, na mpira mmoja ukapita juu ya waya wa breki, ule unaozima mota, ukauvuta. Breki ilishika, lakini mota iliendelea kusukuma. Hajati Raisa, mwenye bekari, alishuka mwenyewe kumwomba mzee aiachie. Mzee alichomoa ufunguo, akautia mfukoni, akamvutia Hajati kiti. Mubaraka alinuna hadi sikukuu ikapita. Lakini miteremko ya Kampala sote tunaijua, na hatujamzika mwendeshaji wetu hata mmoja.

Angestaafu mwaka jana. Aliomba aongezewe muda kwa sababu hakumwona wa kumwachia geti. Kukagua, alisema, mtu hufundishika. Kazi ni kumkatalia mtu unayemheshimu. Alimchagua Mubaraka, akamfundisha yote, na bado hakulala vizuri. Mubaraka ni mpole mno. Hucheka na kila mtu, na kila mtu humwomba upendeleo.

Ijumaa iliyopita, siku yake ya mwisho kazini, tulimzawadia baiskeli ya umeme. Alifungia nyuma yake mikate na sufuria tulizompa, kwa mpira wa tyubu, akapanda huku tukipiga makofi. Mubaraka alikuwa amesimama getini. Aliinua gurudumu la nyuma, akaliwasha, akamwomba mzee akamate breki. Gurudumu likaendelea kuzunguka.

Makofi yalikoma. Mubaraka alimtazama Mama Adoch, mke wa mzee, aliyekuwa akisubiri nje na gauni lake jipya la gomesi. Akamtazama Hajati. Kisha akaangalia chini na kusema kwa sauti ndogo: "Samahani, mzee. Hii hapana toka. Rudisha."

Wapo wanaosema mzee alifanya makusudi. Mimi nilikuwa karibu, na nawaambieni aliona haya hasa. Alishuka, akaikokota hadi karakana, akaufungua mpira, akaurudisha waya mahali pake, akaja kupanga foleni nyuma ya waendeshaji wengine. Zamu yake ilipofika, Mubaraka alikagua upya tangu matairi. Ilipopita, mzee alitoa mfukoni funguo za karakana, ambazo siku nzima alikuwa akisema atazileta kesho, akamwekea Mubaraka mkononi. Machozi yalimtoka mzee, na sisi pia.

Asante, Mzee Olal, kwa kila asubuhi uliyotuchelewesha tukarudi nyumbani wazima. Wewe na Mama Adoch mpumzike kwa afya na furaha. Ukitaka kututembelea, karibu sana. Wakati wa kutoka, utakaguliwa.

Sabah, kwa niaba ya idara ya mauzo